Anza Wewe

Qu Runlian hakuwa mtu wa kuchokora mavi. Lakini asubuhi ile Pang Mancang alipomleta nyumbu, akamfunga kwenye kigingi na kuondoka zake na mikono nyuma, Runlian alisimama uani akingoja mpaka mnyama akajisaidia. Akaokota kijiti, akachutama, akayapasua madonge moja baada ya jingine huku mvuke ukimpanda usoni. Ndani yake alikuta kile alichokuwa akikiogopa: maganda meusi ya maharagwe.

Katika tambarare ile ya Mto Manjano hakuna mtu anayempa nyumbu maharagwe kwa huruma. Majira yote ya baridi mnyama hula mabua na kushukuru. Maharagwe meusi ya kulowekwa hutolewa pale kazi nzito inapokaribia, na siku zile, wadudu wakiwa wameshaanza kuamka ardhini, kazi nzito ilikuwa moja tu, kupanda ngano. Pang alikuwa anajiandaa kupanda, na alikuwa anajiandaa bila kusema neno.

“Kikulacho ki nguoni mwako,” Runlian alijisemea, akakitupa kijiti.

Ndani, mumewe Fulai alikuwa juu ya kitanda cha udongo, makalio yakipata joto la moshi uliopita chini, bakuli la uji mchachu wa uwele mkononi. Fulai alikuwa mtu wa kuamini watu wote, jambo ambalo mkewe alilihesabu kuwa aina ya uvivu.

“Pang anamlisha nyumbu maharagwe,” Runlian akasema.

“Afadhali. Atanenepa.”

“Wewe, mtu akikuvua suruali umeivaa utasema afadhali, kulikuwa na joto.”

“Sasa mama watoto, atapandaje? Viatu vya kipandio si vimo humu kitandani? Mgongo wangu una alama zake.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilihitaji kufikiriwa. Vuli iliyopita mashamba ya kikosi, kundi la kijiji lililolima kwa pamoja, yaligawiwa, kila kaya na kipande chake, kwa mara ya kwanza tangu Runlian aolewe pale. Vitu visivyogawanyika vilipigiwa kura kwa vikaratasi ndani ya kofia. Kaya ya Fulai na kaya ya Pang zilipata vipande vilivyolala ubavu kwa ubavu, nyumbu mmoja, na kipandio kimoja. Kilikuwa kipandio cha mbao cha miguu mitatu, sanduku la mbegu juu, nyumbu akivuta mbele na mtu akikitikisa nyuma ili mbegu zishuke kwenye mifereji. Bila viatu vya chuma miguuni hakiwezi kuchana hata majivu. Kwa kuwa hawakuaminiana, waligawana: Pang akakaa na mbao, Runlian akakaa na viatu, akavishona ndani ya godoro. Nyumbu alilala siku moja huku, siku moja kule.

Likabaki swali la nani aanze, maana shamba moja lilikula siku nzima ya nyumbu. Runlian mwenyewe ndiye aliyelitolea sharti mbele ya watu wote: atakayetaja siku ya kupanda, mwenzake ndiye atakayechagua nani aanze. Hivyo hakuna atakayetaja siku ya kumfaa peke yake. Watu waliguna kwa kusifu, na Runlian akarudi nyumbani siku ile akijiona ana akili kuliko kikosi kizima.

Sasa akili ile ilikuwa inamtafuna. Wazee wa pale husema ngano hupandwa juu ya barafu na kuvunwa juu ya moto. Ardhi ikiyeyuka juu kwa kina cha kidole, huku chini bado ni jiwe la barafu, ndipo mbegu hulazwa, ikanywa polepole kadiri barafu inavyoachia. Ukiwahi, viatu vya kipandio vinakatika na mbegu inabaki juu kwa ajili ya kunguru. Ukichelewa, barafu yote inaachia, shamba linakuwa tope la kumeza nyumbu, na tope likikauka magadi yanapanda juu meupe na hakuna kinachoota. Kwa hiyo, ukitaja siku mapema, mwenzako atasema anza wewe, uvunje viatu kwenye shamba lako. Ukiitaja kwa kuchelewa, atasema naanza mimi, na wewe utabaki na tope. Kila mmoja akaona heri mwenzake ndiye afungue mdomo.

Na kitu kilichokuwa rehani hakikuwa kidogo. Fungu la ngano la serikali lingetakiwa kutoka, shamba liote lisiote. Kilichobaki kilikuwa chao. Runlian alikuwa amekula uji mchachu tangu ujana, na majira yote ya baridi alikuwa amelala juu ya vile vyuma akiwaza mikate ya mvuke, myeupe, si ya mwaka mpya tu bali ya siku isiyo na jina, ya kula umesimama mlangoni.

“Amepata viatu vingine mahali,” akasema.

“Wapi?”

“Ningejua wapi ningekuwa nimekaa hapa nakutazama unavyokunywa uji?”

Adhuhuri, kama siku mbili tatu zilizopita, alitoka na msharasi wake wa kushonea soli za viatu. Shamba lilikuwa linang'aa maji juujuu. Alichutama katikati, akautia msharasi ardhini. Ulizama kwa ulaini mpaka ukagonga pagumu, na alipouchomoa akapima unyevu kwa kidole. Kidole kizima, pungufu kidogo. Siku ilikuwa karibu, labda kesho, labda keshokutwa. Alipoinua macho alimwona Pang amesimama juu ya tuta la mpakani, akitazama. Hakuwa anatazama shamba lake. Alikuwa anatazama la Runlian.

Huyu Pang ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi. Miaka yote ile siku ya kupanda ilikuwa yake. Alikuwa anatoka alfajiri na nyundo, anakigonga kile kipande cha reli kilichoning'inia uani mwa kikosi, na kijiji kizima kinatoka na majembe. Reli bado ilikuwa inaning'inia. Asubuhi watu walikuwa wakiitazama kwa mazoea, kisha wanamtazama Pang, kisha wanatazamana wao kwa wao na kurudi ndani. Hakuna aliyekuwa na shaka kwamba siku anaijua. Shaka ilikuwa kwa nini haisemi.

“Shemeji,” Pang akaita, “unashona shamba?”

“Nashona midomo ya watu.”

“Huo msharasi unasemaje?”

“Unasema nimuulize Kiongozi.”

“Kiongozi gani tena. Kikosi kimekufa, mpaka sufuria la jikoni tumegawana.” Akakohoa. “Wewe unaonaje?”

“Mimi naona mtu anayempenda sana nyumbu wangu.”

“Wetu.”

“Leo ni wangu.”

Pang alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, na tabasamu lile Runlian hakulipenda kabisa. “Barafu imefika wapi?” akauliza, kama mtu anayeuliza habari za watoto.

“Bado iko juu,” Runlian akasema, akamwonyesha ukucha. “Hapa.”

“Hapo tu?”

“Hapo. Kwani kwako iko wapi?”

“Kwangu pia hapo hapo,” Pang akasema upesi mno, na kila mmoja akajua kwamba mwenzake amesema uongo.

Runlian alirudi nyumbani akaloweka maharagwe yake. Kama Pang alikuwa anamtia nyumbu nguvu kwa hila, yeye hangekubali siku ikifika mnyama aanguke kwenye zamu yake. Lakini aliyasaga kwanza kwa jiwe, akayachanganya na makapi, ili kesho yake yasionekane. Fulai alimtazama akisaga, akauliza kama ni kwa ajili ya chakula cha usiku. Alipojua ni cha nyumbu, alihuzunika waziwazi.

Siku zikaenda hivyo. Nyumbu akanenepa mpaka ngozi ikang'aa. Wanakijiji walipita barabarani wakitazama mashamba yale mawili kwa pembe ya jicho, kwa sababu waliapa kwamba Pang hatapanda mpaka siku iwe siku, na wao watapanda nyuma yake. Msharasi uliingia kidole kizima, kisha kidole na kipande. Kila jioni Runlian aliapa kwamba kesho atasema, na kila asubuhi alimwona Pang kwenye tuta, mikono nyuma, akarudi ndani. Ngoja ngoja huumiza matumbo. La Runlian lilikuwa linauma kwelikweli, akalilaza juu ya kitanda cha moto na kumlaumu Fulai.

Kisha ukaja upepo wa vuguvugu. Uliingia asubuhi kutoka kusini-magharibi, ukaanza kudondosha maji kwenye mapaa, na barafu ya mfereji mkubwa ikalia kwa kupasuka. Runlian alikuwa anakanda unga wa mahindi aliposikia mlio alioujua tangu utotoni: ka-ta, ka-ta, ka-ta. Ulikuwa mlio wa kipandio kikitikiswa.

Hakufunga hata kitambaa kichwani. Alikimbia na unga mikononi mpaka kwa Pang, maana siku ile nyumbu alikuwa zamu ya Pang, akasukuma lango bila kubisha.

Kipandio kilikuwa kimeegemezwa ukutani, miguu mitupu, kuku amelala ndani ya sanduku la mbegu. Nyumbu alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Nyuma ya nyumbu, amechutama, kijiti mkononi, donge limepasuliwa mbele yake, alikuwa Pang Mancang. Mkewe alikuwa amekwenda kwa binti yao aliyejifungua, na inaonekana alijiona yuko huru.

Mlio bado ulikuwa unakuja, kutoka ng'ambo ya mfereji. Walikuwa ndugu wa ukoo wa Miao, watu wasiongoja mtu.

“Unatafuta nini humo, Kiongozi?” Runlian akauliza akihema.

Pang hakuinuka. Labda magoti yalimgomea. “Ulichokificha. Umeyasaga vizuri, shemeji, lakini jicho la haragwe halisagiki. Hili hapa.”

“Wewe ndiye uliyeanza kumlisha.”

“Nilianza kwa sababu nilikuona na msharasi. Nikasema, shemeji ameanza kupima, siku yake iko karibu, acha nyumbu awe na nguvu ili akisema tuondoke.”

“Nikisema mimi? Wewe ndiye uliyegonga reli miaka yote.”

Pang akakitupa kijiti chake. “Niligonga simu ilipolia,” akasema. “Ilikuwa inapigwa kutoka juu, mtu anasema, Pang, pandeni. Nami nachukua nyundo. Isingepigwa, tungekuwa tumekaa mpaka leo. Sijawahi kutia kidole ardhini, shemeji. Nilikuwa na simu.”

Runlian alitafuta uongo katika uso ule na hakuuona, na kutokuuona kulimtia hofu zaidi. “Basi ulikuwa unangoja nini kwenye tuta?”

“Nakungoja wewe. Kila mwaka nikimaliza kugonga, ulikuwa unapita mbele yangu na jembe, unasema, umechelewa, Kiongozi. Mwaka mwingine, umewahi. Wote walikuwa kimya, wewe tu ndiye uliyekuwa ukisema. Nilikuwa nikilala nawaza, huyu mwanamke anajua. Mwaka huu nikasema, sina simu, nitamsikiliza yeye.”

Aibu ilimpanda Runlian kutoka miguuni. Alikuwa akisema umechelewa siku ambazo vidole vya miguu vilikuwa na baridi, na umewahi siku alizokuwa na usingizi. Alikuwa akisema ili kumuudhi, hakuna zaidi, kwa sababu alikuwa mnene kidogo kuliko wengine na alikuwa na nyundo. Alifungua mdomo amwambie. Akaufunga. Kama angesema, wangebaki wawili wasiojua kitu mbele ya nyumbu mnene.

“Leo,” akasema. “Siku ni leo.”

Uso wa Pang ulifunguka kama wa mtu aliyetuliwa mzigo. Akainuka, akajipangusa, na kwa heshima yote akasema, “Basi anza wewe, shemeji.”

Na hapo, kwa neno lile la heshima, Runlian akaingiwa na shaka upya. Kwa nini mimi? Amekubali upesi mno. Huenda kule kwake kuna jambo. Huenda simu bado inalia mahali na ameambiwa ngoja siku mbili. “Hapana,” akasema. “Anza wewe.”

“Sharti linasema nachagua mimi. Nimekuchagua wewe.”

“Na mimi nimekuheshimu wewe. Anza.”

“Siwezi kuanza mbele yako, wewe ndiye uliyetaja siku.”

“Ndiyo maana nasema uanze.”

Fulai alifika na viatu vya kipandio, godoro limechanwa, sufi imemganda mabegani. Walibeba kipandio hadi shambani wakibishana njia nzima. Umewahi kuwaona wageni wawili wa arusi wakisukumana kwenye kiti cha mbele mpaka supu inapoa? Ndivyo walivyokuwa, ila supu yao ilikuwa inapata moto. Viatu vilifungwa, nyumbu akaelekezwa kwa Runlian, akageuzwa kwa Pang, akageuzwa tena. Hofu ya Pang nayo sasa ilikuwa imeamka, maana kama mwanamke anayejua hataki kuanza, basi kuna jambo. Jua likapanda. Juu ya udongo maji yaliyokuwa yanang'aa yakaanza kutengeneza vidimbwi upande wa chini, karibu na mtaro.

Fulai alikuwa amesimama na gunia la mbegu begani. Akalitua. Akachukua jembe, akaenda kwenye tuta la mpakani, lile ambalo Runlian alilijenga vuli kwa mikono yake na kulipigapiga kwa mgongo wa koleo, akaanza kulivunja.

“Fulai, hilo tuta nimelijenga mimi.”

“Nalijua. Nilikuletea maji ya kunywa.” Hakugeuka. “Nyumbu atakwenda akikatiza vipande vyote viwili, anatoka kwako anaingia kwake, anageuka anarudi. Hakuna wa kwanza. Mkitaka kugombana, gombaneni mkitembea.”

Mbegu za kaya mbili zilimiminwa sanduku moja, na Runlian alihakikisha kwamba bakuli la Pang limejaa kama lake. Akashika hatamu. Pang akashika mikono ya kipandio. Ka-ta, ka-ta. Viatu viliingia, vikakwaruza barafu chini kwa mlio mkavu, na nyuma yao mistari mitatu ikafunguka na kujifunika. Runlian alisikia mkwaruzo ule miguuni mwake na alitaka kulia kwa jinsi shamba lilivyopokea. Lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri jana pia, na juzi.

Kijiji kizima kilitoka. Milango iligongwa, nyumbu na ng'ombe wakatolewa, kila mtu akijidai alikuwa anakaribia kuanza hata hivyo.

Walianza juu, barabarani, wakashuka na mistari yao kuelekea mtaroni. Alasiri mkwaruzo ulikoma. Viatu havikugusa tena kitu chini. Mistari ilijaa maji kabla haijajifunika, kisha nyumbu akazama mguu mmoja, akavuta, akazama miwili, akatulia tumbo likiwa juu ya tope, masikio yamelala. Walimtoa kwa kamba na mlango wa zizi, watu watatu wakiwa wamepakwa udongo mpaka nyusi. Kiatu kimoja cha chuma kilibaki humo na hakikuonekana tena. Sehemu yote ya chini ya mashamba yale mawili haikupandwa.

Ngano ilipoota ilikuwa na kijani cha kupendeza, na Runlian alikuwa akienda kuitazama hata pasipo kazi. Kule chini palikauka, pakapasuka, pakawa peupe kwa magadi. Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani: ya serikali itatoka, na mikate myeupe ya sikukuu ipo, lakini ile ya kula umesimama mlangoni haipo. Fulai alisema sikukuu ni nyingi. Runlian alijua weupe ule ulikuwa na ukubwa wa nini. Ulikuwa sawasawa na muda ambao watu wawili walisimama juu ya shamba wakiambiana anza wewe.

Jioni moja alimkuta Pang hapo chini, anakwenda kwa hatua ndefu ndefu juu ya magadi, midomo ikicheza kwa kuhesabu. Alipomwona akasimama na mguu mmoja mbele.

“Shemeji. Inaonekana sehemu yangu iliyokufa ni kubwa kuliko yako.”

“Najua,” Runlian akasema. “Nilipima asubuhi.”

Walisimama wakiutazama ule weupe. Upepo uliinua vumbi lake, ukawapaka wote wawili midomoni, chungu.

“Mwakani,” Pang akasema polepole, “siku atataja nani?”

Runlian akamgeukia, akamtazama vizuri usoni, aone swali lile limeficha nini.